Jinsi ya kuichambua namba 123,456,789 kwa kalamu na karatasi

Mtu anayejaribu kikokotoo kipya mara nyingi hubonyeza vitufe kuanzia 1 mpaka 9 kwa mfuatano, akaiona namba 123,456,789 imejipanga kwenye kioo, kisha akaifuta. Namba hiyo inamfaa sana anayetaka kujifunza kuchambua namba kubwa, kwa sababu haisahauliki, ni kubwa kiasi cha kumchosha anayegawa kwa kubahatisha, na ndani yake zimejificha namba tasa mbili ambazo hazionekani mpaka zitafutwe kwa njia inayozifaa. Kinachohitajika ni karatasi, kalamu na uwezo wa kuzidisha namba za tarakimu nne bila haraka. Kikokotoo kiwekwe kando, kitumike mwishoni kwa kuhakiki tu.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba karibu kila sifa ya namba nzima inayoulizwa na wanahisabati, yaani ina vigawo vingapi, jumla ya vigawo hivyo ni ngapi, inashirikiana na namba gani, inaweza kuandikwa kama jumla ya vipeo viwili vya pili au la, hutokana na vigawo tasa vyake. Anayevipata vigawo tasa ameimaliza kazi nzito, na yanayobaki ni mavuno. Mara ya kwanza nilipoishughulikia namba hii sikulifuata hilo kwa akili. Nilianza kuigawa kwa namba tasa moja baada ya nyingine, nikafika karibu na 900, ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimekosea kutoa katika ukurasa wa pili. Kurasa zote zilizofuata zikawa hazina maana.

Kuisoma na kuipima

Anza kwa kuitenga namba katika mafungu ya tarakimu tatu kutoka kulia: 123, 456, 789. Mafungu haya si ya kupendezesha macho tu, kwani yatatumika katika kugawa. Katika kuitamka, ninashauri neno laki litumike: milioni mia moja ishirini na tatu, laki nne, elfu hamsini na sita, mia saba themanini na tisa. Anayesema "elfu mia nne hamsini na sita" humwacha msikilizaji asiyeiona karatasi akijiuliza kama aandike 456,000 au 400,056, na kosa la namna hiyo likiingia mwanzoni haliwezi kurekebishwa na ustadi wowote unaofuata.

Kisha tafuta kipeuo chake cha pili kwa kukadiria. Zidisha 11,111 kwa 11,111 upate 123,454,321, ambayo ni pungufu ya namba yetu kwa 2,468 tu. Kipeo cha pili kinachofuata, cha 11,112, ni 123,476,544, ambacho kimeshaivuka. Kwa hiyo namba yetu si kipeo cha pili cha namba nzima yoyote, na kama ina vigawo viwili vinavyozidishana kuizaa, kimoja lazima kiwe 11,111 au chini yake. Huo ndio mpaka wa msako wetu, na hatua inayofuata itaupunguza sana. Kwa wanaoshughulika na kompyuta, namba hii iko kati ya 2 kwa kipeo cha 26, yaani 67,108,864, na 2 kwa kipeo cha 27, yaani 134,217,728, hivyo inahitaji biti 27.

Kuondoa vigawo vidogo

Tarakimu ya mwisho ni 9, kwa hiyo namba ni witiri na haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake, kuanzia 1 mpaka 9, ni 45, na kwa kuwa 45 inagawanyika kwa 9, namba yenyewe nayo inagawanyika kwa 9. Wengi wameikariri kanuni hii shuleni bila kuelezwa sababu yake, ingawa sababu ni fupi: 10 ni 9 na 1, 100 ni 99 na 1, 1,000 ni 999 na 1, kwa hiyo kila nafasi ya tarakimu ikigawanywa kwa 9 huacha baki la 1, na tarakimu iliyokaa katika nafasi hiyo huacha baki sawa na yenyewe. Ukiyajumlisha mabaki unapata jumla ya tarakimu, bila kujali mpangilio wake. Hivyo hata ukizichanganya tarakimu hizi tisa kwa mipangilio yote 362,880 inayowezekana, hutapata namba tasa hata moja, maana zote zitagawanyika kwa 9.

Gawa sasa: 123,456,789 kwa 9 ni 13,717,421. Jumla ya tarakimu za jibu hili ni 26, ambayo haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo tatu zimekwisha baada ya kutolewa mbili.

Kwa 7, 11 na 13 tumia njia moja inayozipima zote tatu kwa pamoja. Zao lake ni 1,001, kwa hiyo elfu moja ni pungufu ya zao hilo kwa moja, na mafungu ya tarakimu tatu yanaweza kutolewa na kujumlishwa kwa zamu kutoka kulia. Katika namba ya awali tunapata 789 kutoa 456 kujumlisha 123, jawabu 456. Namba 456 ikigawanywa kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 5, na kwa 13 inabaki 1. Hakuna hata moja inayogawanya. Ndugu ya njia hii ni kuyajumlisha mafungu yote bila kutoa, kwa kuwa 999 ni 27 mara 37: 123, 456 na 789 jumla yake ni 1,368, na ukiijumlisha tena 1 na 368 unapata 369, ambayo ikigawanywa kwa 37 inaacha 36. Basi 37 nayo imeondoka.

Hapa ndipo mchambuzi asiyejipanga hupotea. Kipeuo cha pili cha 13,717,421 kiko kati ya 3,703 na 3,704. Anayetaka kuendelea kugawa kwa 17, 19, 23 na kuendelea, atalazimika kupita namba tasa karibu 500 kabla ya kukutana na kigawo cha kwanza, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa kwa mkono, yenye nafasi mamia ya kukosea.

Njia ya Fermat

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa aliyefanya hisabati kwa mapenzi. Mwaka 1643 alieleza jinsi alivyoitenganisha namba 2,027,651,281 kuwa 44,021 mara 46,061, kazi ambayo kwa kugawa peke yake ingehitaji kujaribu maelfu ya namba tasa. Hoja yake ni nyepesi. Namba witiri ikiwa ni zao la namba mbili, namba hizo nazo ni witiri, kwa hiyo zina namba nzima iliyo katikati yake kabisa. Tuiite hiyo ya kati A, na umbali kutoka A mpaka kila moja tuuite B. Namba hizo mbili ni A kutoa B na A kujumlisha B, na zao lake ni kipeo cha pili cha A kutoa kipeo cha pili cha B. Basi badala ya kutafuta kigawo, tunatafuta A ambayo kipeo chake cha pili, kikishatolewa namba yetu, kinaacha kipeo cha pili kingine.

A haiwezi kuwa ndogo kuliko kipeuo cha pili cha namba, kwa hiyo kwa 13,717,421 tunaanzia 3,704. Kipeo chake cha pili hupatikana kwa urahisi kwa kuanzia 3,700: kipeo cha pili cha 3,700 ni 13,690,000, ongeza 2 mara 3,700 mara 4, yaani 29,600, kisha ongeza 16, upate 13,719,616. Toa 13,717,421, inabaki 2,195.

Je, 2,195 ni kipeo cha pili? Hakuna haja ya kutafuta kipeuo chake. Kipeo cha pili kinachoishia na 5 lazima kiishie na 25, na hii inaishia na 95, basi imekataliwa papo hapo. Vivyo hivyo tofauti yoyote inayoishia na 2, 3, 7 au 8 hutupwa bila kuangaliwa mara mbili, kwa sababu hakuna kipeo cha pili kinachoishia hivyo.

Sogea hadi 3,705. Usizidishe upya, vipeo vya pili viwili vinavyofuatana hupishana kwa mara mbili ya kile cha kwanza kabla ya kupandishwa, na moja juu yake, hapa 7,409. Ongeza 7,409 kwenye 2,195, unapata 9,604. Sasa tulia uitazame. Mia moja kwa mia moja ni 10,000; ukitoa 400 na kuongeza 4 unapata 9,604, na huo ndio ukunjuaji wa kipeo cha pili cha 100 kutoa 2. Kwa hiyo 9,604 ni kipeo cha pili cha 98.

Namba mbili tulizozitafuta ni 3,705 kutoa 98 na 3,705 kujumlisha 98, yaani 3,607 na 3,803. Hatua mbili zimefanya kazi ambayo namba tasa karibu 500 zingeifanya, na sababu ni kwamba vigawo hivi vimekaa karibu karibu. Nakiri kwamba nilipoiona 9,604 kwenye karatasi nilidhani nimekosea.

Kuhakikisha kwamba havitengeki tena

Kabla ya kufurahi, thibitisha kwamba 3,607 na 3,803 ni namba tasa. Kipeuo cha pili cha 3,607 ni 60 na ushei, hivyo namba tasa za kujaribu zinaishia 59. Kwa 3,803 zinaishia 61. Tatu, 7, 11 na 13 tulishaziondoa katika zao, kwa hiyo haziwezi kugawanya mojawapo, na 37 vilevile. Zinabaki 17, 19, 23, 29, 31, 41, 43, 47, 53 na 59, na 61 kwa ajili ya 3,803. Zifanye zote. Kwa 3,607 mabaki ni 3, 16, 19, 11, 11, 40, 38, 35, 3 na 8. Angalia 41 kwa makini: 41 mara 88 ni 3,608, imepishana na namba yetu kwa moja tu, na mwenye haraka anaweza kuiandika kuwa imegawanyika. Kwa 3,803 mabaki ni 12, 3, 8, 4, 21, 31, 19, 43, 40, 27 na, kwa 61, 21. Hakuna sifuri popote, kwa hiyo zote mbili ni tasa.

Sasa tunaweza kuandika bila shaka: 123,456,789 ni 3 mara 3 mara 3,607 mara 3,803.

Hakiki zao hili kwa kutupa tisa, yaani kwa kulinganisha mabaki ya kugawa kwa 9. Tarakimu za 3,607 zinajumlika kuwa 16, yaani 7. Za 3,803 ni 14, yaani 5. 7 mara 5 ni 35, yaani 8. Tarakimu za 13,717,421 zinajumlika kuwa 26, yaani 8. Zimekubaliana. Ila hakiki hii haioni kosa la kubadilishana nafasi za tarakimu, jambo ambalo mkono uliochoka hulifanya sana, kwa hiyo ongeza hakiki ya 11, ambayo hutoa na kujumlisha tarakimu kwa zamu kutoka kulia. Kwa 3,607 unapata 10, kwa 3,803 unapata 8, zao lake 80 linaacha baki la 3 kwa 11; na 13,717,421 inatoa hasi 8, ambayo ukiongeza 11 ni 3.

Mavuno

Idadi ya vigawo hupatikana kwa kuhesabu machaguo. Katika kutengeneza kigawo, 3 inaweza kutotumika, kutumika mara moja au mara mbili, hayo ni machaguo matatu. 3,607 ina mawili, na 3,803 mawili. Tatu mara mbili mara mbili ni 12. Navyo ni 1, 3, 9, 3,607, 3,803, 10,821, 11,409, 32,463, 34,227, 13,717,421, 41,152,263 na namba yenyewe. Tazama jinsi vilivyotawanyika: tisa vya kwanza havifiki 35,000, kisha kuna pengo kubwa mpaka milioni 13.

Jumla ya vigawo hupatikana kwa kuzidisha mabano matatu: 1 na 3 na 9, yaani 13, 1 na 3,607, yaani 3,608, 1 na 3,803, yaani 3,804. Zao ni 178,422,816. Ukiitoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinajumlika kuwa 54,966,027, ambayo haifiki hata nusu ya namba. Namba kama 6 hulingana na jumla ya vigawo vyake vidogo, kwa kuwa 1 na 2 na 3 ni 6. Yetu iko mbali na hapo, na huitwa namba pungufu.

Swali la tatu ni hili: kati ya 1 na 123,456,789, ni namba ngapi ambazo hazishirikiani nayo kigawo chochote zaidi ya 1? Katika kila namba tisa, sita hazigawanyiki kwa 3. Katika kila 3,607, namba 3,606 hazigawanyiki kwa 3,607. Katika kila 3,803, namba 3,802. Sita mara 3,606 mara 3,802 ni 82,260,072, karibu sana na theluthi mbili ya namba yetu, kwa sababu 3 ndiyo inayoondoa nyingi na zile kubwa mbili hazipunguzi karibu kitu.

La nne ndilo ninalolipenda kuliko yote. Je, namba hii inaweza kuwa jumla ya vipeo viwili vya pili? Kipeo cha pili cha shufwa kikigawanywa kwa 4 huacha 0, cha witiri huacha 1, kwa hiyo jumla ya viwili haiwezi kuacha 3. Yetu inaishia na 89, inaacha 1, na anayeishia hapo atadhani kwamba mlango uko wazi. Lakini kanuni kamili inadai kwamba kila kigawo tasa kinachoacha 3 kwa 4 kionekane mara shufwa. Kigawo 3 kimeonekana mara mbili, hakina kosa. 3,607 na 3,803 zote mbili zinaacha 3, na kila moja imeonekana mara moja. Basi haiwezekani, na hilo lisingejulikana kwa kuitazama namba kwa nje.

Kuipima na iliyogeuzwa

Maliza kwa kuilinganisha na 987,654,321, yaani tarakimu zilezile zikiwa zimegeuzwa. Tafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika kwa njia ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale: gawa kubwa kwa ndogo, kisha ndogo kwa baki. Namba yetu ikizidishwa kwa 8 ni 987,654,312, kwa hiyo baki ni 9, na 9 inaigawanya namba yetu bila kubakiza. Kigawo Kikubwa cha Shirika ni 9, kimepatikana kwa hatua mbili bila kujua vigawo tasa vya 987,654,321 hata kimoja. Kwa hiyo tayari tunajua kwamba 3,607 na 3,803 hazimo humo.

Ukiitenganisha iliyogeuzwa kwa kugawa, baada ya 9 unapata 109,739,369, ambayo inagawanyika kwa 17 kuwa 6,455,257, na kwa 17 tena kuwa 379,721. Hapa njia ya Fermat inaonyesha udhaifu wake. Namba 379,721 ni tasa, na kipeuo chake cha pili ni 616 na ushei. Ukianza kupanda kutoka 617 ukitafuta tofauti iliyo kipeo cha pili, hutaipata mpaka ufike 189,861, yaani hatua 189,245, na utakachokipata ni 1 mara 379,721. Kwa kugawa, namba tasa 112, kuanzia 2 mpaka 613, zinatosha kuthibitisha kwamba ni tasa. Ndiyo sababu watengenezaji wa funguo za siri za RSA, mfumo ulioanza mwaka 1977 na unaotegemea ugumu wa kutenganisha zao la namba tasa mbili kubwa, huepuka kuchagua mbili zilizokaribiana kama 3,607 na 3,803. Mimi hujipa hatua ishirini za Fermat kwenye namba yoyote mpya baada ya kuondoa vigawo vidogo. Zikipita bila kipeo cha pili kujitokeza, narudi kwenye kugawa, kuanzia namba tasa niliyoishia, huku nikiandika kila baki pembeni ili nikikosea nijue ni wapi.